Alichonikabidhi Baba

Kwetu kaskazini mwa Kenya mtoto hafundishwi ufugaji kwa maneno. Akishaweza kukimbia bila kujikwaa hupewa vitoto vya mbuzi vinavyolishwa karibu na boma. Akionekana havipotezi, hupewa mbuzi wakubwa, kisha ng'ombe, na mwishowe ngamia, wanaokwenda mbali na kukaa siku nyingi bila maji. Hakuna mzee anayemketisha chini kumsomea kanuni. Anakabidhiwa mnyama wa kweli, ambaye fisi anaweza kumla kweli, na jioni wakubwa husimama mlangoni mwa zizi wakahesabu. Zaidi ya hayo, katika nyumba nyingi za Waborana na Wasomali, mtoto anapozaliwa hutengewa jike mmoja kutoka kundi la baba, na uzao wote wa jike huyo huwa wake. Anaanza maisha akiwa na mali ya kutunza kabla hajajua kutamka jina lake.

Mimi sasa ni mwalimu wa fizikia mjini Garissa. Siku za wazazi kuja shuleni hulisikia swali moja kwa sauti nyingi: mtoto wangu ana akili lakini hajali kitu, nifanyeje? Jibu langu sikulipata chuoni. Nililipata Bute, chini ya mgunga, mbele ya Land Rover iliyokuwa haijanguruma kwa miaka mingi, nikiwa msichana wa kidato cha pili na baba yangu akiwa mfugaji asiye na mifugo.

Bute ni mji mdogo wa Wajir Kaskazini, jirani na mpaka wa Ethiopia, mahali ambapo mtu huanza sentensi kwa Kiborana akaimaliza kwa Kisomali. Mvua za mwisho wa mwaka 2010 hazikufika. Tukangoja zile za Machi hadi Mei 2011, nazo zikatupita. Rais Mwai Kibaki alipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa, tarehe 30 Mei 2011, sisi tulikuwa tumeshazoea harufu ya mizoga kando ya njia. Ng'ombe wa baba walikwisha wote, na jike niliyetengewa nilipozaliwa akaenda na wenzake, yeye na uzao wake.

Hasara ya ukame huhesabiwa kwa vichwa vya mifugo, na ni sawa ihesabiwe hivyo, kwa sababu hicho ndicho chakula, karo na mahari. Lakini ipo hasara ambayo maafisa wanaokuja na madaftari hawaiandiki. Zizi ndilo lililokuwa shule ya baba. Humo ndimo alimojua namna ya kuwa mzazi: kukabidhi, kututazama kwa mbali, kuhesabu jioni. Zizi lilipobaki tupu, alibaki na watoto lakini hana cha kuwatia mkononi. Kaka zangu walikuwa wamekwenda Nairobi kutafuta vibarua. Mimi nilipofunga shule nilimkuta ameketi kwenye mkeka kutwa nzima, fimbo yake ya kuchungia imelala kando yake, akinitazama kama mtu mwenye deni.

Asubuhi moja aliinuka mkekani akaenda hadi kwenye mgunga, akaniita. "Aabo," alisema, maana kwetu baba humwita mwanawe kwa jina lile lile ambalo mwana humwita yeye, "lizunguke hili gari, kisha uniambie linaumwa wapi."

Lilikuwa Land Rover Series IIA, lile refu la inchi 109 kati ya ekseli, la zamani lenye taa zilizokaa karibu karibu ndani ya grili. Toleo hilo lilitengenezwa Uingereza kuanzia 1961 hadi 1971. Ujanani baba alikuwa dereva wa serikali na aliendesha magari ya namna hiyo kotekote kaskazini. Hili alilinunua kwenye mnada wa magari yaliyochakaa, likamtumikia, kisha likazimika. Kuku walitaga chini ya viti na panya walikuwa wamejenga kwenye dashibodi.

Nikalizunguka, nikasema: matairi yamepasuka, waya zimechunika, kioo kimoja hakipo. Akanirudisha. "Umelitazama kwa macho. Sasa litazame kwa mkono." Ndivyo mfugaji anavyomchunguza ng'ombe mgonjwa: hupapasa mbavu, hubonyeza chini ya taya, hushika sikio kujua kama lina moto. Nikapitisha mkono chini ya chesi na nyuma ya magurudumu, nikatambua jambo ambalo macho hayakuniambia. Vyuma vyote vilikuwa vizima. Kilichokufa ni mpira.

Siku hizi namweleza mwanafunzi wangu sababu yake. Gari kama hilo likikaa Mombasa, hewa ya chumvi huila chesi. Kwetu hakuna unyevu wa kuleta kutu, na mwili wa Land Rover ni wa aluminiamu, kwa kuwa baada ya Vita Vikuu vya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Lakini jua la Wajir lina njia yake ya kula. Hukausha mipira ya radieta ikapasuka, hukausha sili mpaka oili ivuje, huchuna ngozi ya waya. Nalo vumbi huingia kila palipo na tundu. Kichujio cha hewa cha gari lile hutumia oili kunasa vumbi. Tulipokifungua, oili ilikuwa imegeuka udongo mzito wa kufinyangia. Kumbe kila nchi huua gari kwa namna yake, na fundi asiyeijua nchi atatafuta ugonjwa pasipo ugonjwa.

Baba alinigawia kazi kwa mpangilio ambao sikuutambua wakati ule. Mwanzoni alinipa nati na bolti. Kila kilichofunguliwa kilikuwa changu: kukisafisha kwa mafuta ya taa, kukipanga katika makopo ya Kimbo, kujua kimetoka wapi. Yeye hakuandika wala hakukumbuka kwa niaba yangu. Jioni aliokota bolti moja katika kopo na kuniuliza makao yake. Jirani mmoja alipopita na kusema kazi hii ni ya wavulana, baba alimjibu bila kuinua kichwa kwamba nati haijui anayeifungua ni nani. Nati na bolti zile ndizo zilizokuwa vitoto vyangu vya mbuzi.

Ndipo tukaingia kwenye injini, ile ya petroli ya lita mbili na robo. Ilikuwa imeshikana. Tukatoa plagi, tukamimina mchanganyiko wa dizeli na oili ndani ya silinda, tukaiacha ilowe. Kisha baba alichomeka hendeli mbele ya gari na kunionyesha kanuni ambayo mtu aliyezaliwa katika zama za kuwasha gari kwa ufunguo haijui: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizungushwe kwenye hendeli, kwa maana injini ikirudi kinyume huvunja gumba. Akanipa hendeli na kusogea pembeni. Tuliitikisa kidogo kidogo, mbele na nyuma, zamu yangu na zamu yake, mpaka siku moja nikaisikia ikilegea mikononi mwangu na crankshafti ikazunguka.

Mpangilio wa kuwaka kwa silinda alinifundisha mchangani. Alipanga kokoto nne na kuzigonga kwa fimbo: moja, tatu, nne, mbili. Nilipokuwa chuoni nilisoma kwamba Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, inasimuliwa alilichora gari hili kwa mara ya kwanza mwaka 1947 kwenye mchanga wa ufuo wa Anglesey, huko Wales, mwaka mmoja kabla halijaonyeshwa hadharani Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Nilifurahi sana kusoma hivyo. Lililoanzia mchangani lilifunguliwa siri zake mchangani, na mtu aliyeacha shule mapema kuliko mimi.

Vali ndizo zilizonifanya niipende hesabu. Zipo nane, na kila moja inahitaji mwanya wa robo milimita kwenye tapeti yake. Kujua ipi irekebishwe lini kuna kanuni fupi: jumla ni tisa. Vali ya nane ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya kwanza. Ya sita ikifunguka, rekebisha ya tatu. Baba aliijua kanuni lakini hakunipa. Aliniambia nizungushe injini polepole na kuzitazama zinavyopanda na kushuka, nimletee utaratibu wake. Niliikalia kazi hiyo mpaka tisa ikajitokeza yenyewe. Leo ninapomwona mwanafunzi amekaribia kugundua kitu, hujizuia nisiseme, na najua kujizuia huko nilikojifunza.

Mpira ulitoka Nairobi. Kaka mkubwa alikuwa amepata kibarua, na kwa mshahara wake wa wiki alienda Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu bado huiita Grogan, akapiga foleni kwenye vibanda vya spea. Lami ilikuwa haijafika Moyale, kwa hiyo spea zikachelewa. Na mvua za mwisho wa 2011 ziliponyesha, zilinyesha kwa fujo na kukata barabara. Kifurushi kilipofika, kilikuwa kimepitia mikono ya utingo, ya muuza miraa na ya shangazi. Upande wa Ethiopia wa Moyale kulikuwa na fundi mzee wa springi, anayeziita balestra kama Waitaliano walivyoziacha, na yeye ndiye aliyezinyoosha zetu. Gari lililosimama chini ya mti mmoja lilifufuliwa na watu walioko pande zote za mpaka.

Ayeeyo, mama mzazi wa baba, hakulikaribia. Alikuwa akikaa mlangoni mwa nyumba yake mgongo ameligeuzia. Nilidhani ni uzee, mpaka baba aliponieleza. Hali ya hatari ilitangazwa katika mkoa wetu Desemba 1963, wiki chache baada ya uhuru, vilipoanza vita vya Shifta, vya kutaka mkoa ujitenge na Kenya. Vita vilimalizwa kwa makubaliano ya Arusha mwaka 1967, lakini sheria zile za hatari ziliendelea kutukalia hadi 1991. Kwa Ayeeyo, ambaye alikuwa mke kijana wakati ule, mngurumo wa Land Rover ulikuwa habari ya watu wenye bunduki. Aliposikia sauti ile alijua mifugo itachukuliwa au kuna mwanamume ambaye hatarudi.

Sikujua kwamba gari linaweza kumuumiza mtu kwa sauti tu. Watu hupenda magari ya zamani kwa sababu yanawakumbusha enzi nzuri, na ni haki yao. Nikiwa mtu mzima nilihudhuria maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yaliyoanza 1970, ambapo majaji hukagua hadi chini ya gari na kulipa heshima lililorudishwa kama lilivyokuwa. Nilisimama mbele ya Land Rover ya kijani iliyong'aa, nikaistahi kazi ya mikono ile. Lakini kwetu kulirudisha kama lilivyokuwa kungekuwa kumrudishia Ayeeyo alichokikimbia.

Baba alimwendea mama yake, akaketi chini mbele yake, akamwomba achague rangi. Ayeeyo alinyamaza sana. Kisha akasema, "Lipake rangi ya maziwa." Tukalipaka nyeupe, kwa brashi, na milango ikabaki na michirizi. Palepale nilijifunza kwamba aliyekabidhiwa kitu cha zamani hakupewa kazi ya kukilinda tu kama kilivyo. Amepewa pia haki ya kukifanya kiishi na watu walio hai.

Kazi ya mwisho ilikuwa breki. Ziko za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na kila silinda ndogo ya gurudumu ina mipira midogo ambayo ikipachikwa kinyume au na chembe ya mchanga ndani, pedali huzama mpaka sakafuni bila gari kusimama. Baba alikuwa ameshazifunga breki za namna hiyo maisha yake yote. Aliweka vifaa juu ya gunia, akasema, "Hizi ni zako," akaenda msikitini.

Nilizifunga peke yangu. Nilisafisha kila silinda, nilipachika mipira kwa vidole vyenye maji ya breki, nilitoa hewa kwenye mabomba kuanzia gurudumu la mbali kabisa huku binamu yangu akipiga pedali. Baba aliporudi hakufungua hata gurudumu moja kukagua. Aliketi juu ya tairi kuukuu na kuniuliza. Midomo ya mipira imeelekea wapi? Hewa ilikoma gurudumu lipi mwisho? Ulijuaje kwamba imekoma? Aliuliza mpaka nikajua kwamba nilijua. Kisha akaingia, akakanyaga pedali, akaisikiliza kwa mguu.

Siku iliyofuata injini ilishika kwa hendeli. Baba hakunipongeza. Alienda nyumbani kwa mama yake, akamshika mkono, akamleta, akamketisha kwenye kiti cha mbele. Mimi nikapanda nyuma. Tukatoka Bute polepole kuelekea laga, mahali ambapo njia huteremka ghafla kwenda kwenye mchanga wa mto mkavu. Nilielewa njiani alichokuwa akifanya. Aliyekuwa ameketi mbele ndiye mtu aliyempenda kuliko wote duniani, na kilichokuwa kati yake na ule mteremko ni kazi ya mikono yangu. Baba alikanyaga breki mwanzo wa mteremko. Gari likasimama, halikuvuta kulia wala kushoto. Ayeeyo akasema "Alhamdulillahi," akaniomba maji.

Gari lile lilibeba mapipa ya maji, mabati ya madrasa na wagonjwa wa kupeleka Moyale. Lilitusaidia kununua mbuzi tena. Lakini faida yake kubwa kwangu ni siku ile ya laga, kwa kuwa tangu hapo sijawahi kufanya kazi ovyo kwa kudhani kwamba kuna mtu mwingine atakayeikagua.

Baada ya miaka mingi nimejaribu kuuelewa ufundi wa baba kama mwalimu, na naona una nusu mbili ambazo watu wengi huzitenganisha. Ya kwanza ni kukabidhi: kumpa mtoto jambo la kweli, kulingana na umri wake, na kuondoka machoni pake. Ya pili ni kuhesabu jioni: kurudi, kuuliza, kusikiliza majibu hadi mwisho. Mzazi anayekabidhi bila kuhesabu amemtelekeza mtoto. Anayehesabu bila kukabidhi anamkagua mtu ambaye hana kitu mkononi, na mtoto huyo hujifunza kuogopa kaguzi tu. Katika ofisi ya walimu nawaona wazazi wa aina zote mbili, na wote wanampenda mtoto wao.

Ukame ulirudi. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na familia nyingi za Wajir na Garissa zilihamia kando ya miji na barabara kuu zikiwa mikono mitupu. Watoto wao sasa wako shuleni, jambo ambalo nalishukuru. Lakini wengi wamefikishwa umri wa miaka kumi na sita bila kukabidhiwa hata kitoto kimoja cha mbuzi. Hupikiwa, hufuliwa, hulipiwa karo, na kuambiwa kazi yao ni kusoma. Halafu tunashangaa kwamba hawajali kitu. Mtu hujali kilicho mikononi mwake.

Kwa hiyo wazazi wanaoniuliza siwaambii wanunue gari kuukuu, wala warudi nyikani. Nawauliza kuna nini nyumbani. Mama mmoja ana duka la nafaka. Nikamshauri ampe binti yake rafu moja, mtaji wake na daftari lake, na Ijumaa wahesabu pamoja. Baba mwingine yuko katika kamati ya kisima cha pampu ya sola. Mwanawe sasa ndiye anayefuta paneli na kuandika saa za pampu. Wengine wana pikipiki inayohitaji kumwagwa oili, au mbuzi watatu nyuma ya nyumba, au bibi anayehitaji dawa kwa saa. Vyote vinafaa.

Karibu kila mzazi huniuliza swali lile lile mlangoni: na akiharibu je? Anaweza kuharibu. Mtaji wa rafu unaweza kupotea, mbuzi anaweza kuliwa, na baba yangu alijua vema kilichokuwa chini ya ule mteremko. Ndiyo maana alikaa juu ya tairi na kuuliza mpaka akaridhika. Ukitaka kujua kama umemkabidhi mtoto kitu, angalia kama wewe mwenyewe utapata hasara akikosea. Kama huna cha kupoteza, bado hujampa.